Ufugaji wa kuhamahama na maisha yanayoutegemea: maswali tunayoulizwa kila mara

Nilizaliwa bomani, upande wa Longido. Nilianza kwa kuchunga ndama, nikaja kwenye mbuzi, kisha ng'ombe. Siku hizi nakaa mjini zaidi kuliko nyumbani, na kila nikijitambulisha maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa niyajibu, mengine kwa urefu, mengine kwa kifupi. Mifano mingi ni ya Wamaasai wa Tanzania na Kenya kwa kuwa ndiko nilikokulia, lakini nimewagusa pia Wabarabaig wa Hanang, Wasukuma na Waborana wa kusini mwa Ethiopia.

Kwa nini mnahamahama? Hamuwezi kutulia mahali pamoja?

Kwa sababu mvua haitulii. Kwenye nyanda zetu kuna vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei, lakini mvua yenyewe hushuka kwa mabaka: upande huu wa mlima umelowa, ng'ambo ya korongo vumbi linatimka. Nyasi changa zina nguvu. Zikishakomaa zinakuwa kama mabua. Ng'ombe anajaza tumbo lakini maziwa yanakatika. Mfugaji anayehama anaziwahi zikiwa changa, mwezi huu hapa, mwezi ujao kule. Ukimfunga ng'ombe huyo huyo mahali pamoja katika nchi kame, atakula vizuri wiki chache na vibaya miezi yote iliyobaki.

Tena si boma zima linalofungasha. Wazee, akina mama na watoto wadogo hubaki kwenye boma la kudumu na ng'ombe wachache wanaokamuliwa. Vijana ndio wanaoondoka na kundi kubwa kwenda ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho. Kabla ya hapo hutangulizwa watu wawili watatu wakakague: nyasi kiasi gani, maji umbali gani, kuna kupe, kuna ndorobo (mbung'o), wenyeji ni akina nani na wako tayari kutupokea. Wakirudi, wazee wanakaa wanajadili. Siku hizi habari nyingi zinakuja kwa simu, lakini bado mtu hutumwa akaone kwa macho yake, maana anayekusimulia kwa simu huenda ana sababu zake za kukuita au kukuzuia.

Kwa hiyo mnafuata tu palipo na nyasi nzuri?

Mara nyingine tunazikimbia nyasi nzuri. Nyanda fupi za kusini mwa Serengeti na Ndutu zina majani matamu yaliyoota juu ya majivu ya volkano, na kati ya Januari na Machi nyumbu kwa mamia ya maelfu wanakwenda kuzalia pale. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru nyumbu, ila ng'ombe akivipata anavimba tezi, macho yanapata ukungu, pua inatoa makamasi mazito, na kupona ni nadra sana. Basi wafugaji wa Ngorongoro hupandisha ng'ombe wao juu kwenye nyanda za milimani, kwenye baridi na majani duni, mpaka ndama wa nyumbu wakue. Kipindi nyasi zinapokuwa bora kuliko wakati wowote wa mwaka, mfugaji ameziachia wanyamapori. Watu wanaosema mifugo na wanyamapori haviwezi kuishi pamoja wangejua hili kwanza.

Ng'ombe wengi hivyo wa nini? Si bora wachache wenye afya?

Swali hili naulizwa na watu wema kabisa, hivyo nalijibu kwa subira na hesabu.

Mtamba wa kienyeji, yaani jike ambaye hajazaa, huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au minne. Mimba ni miezi tisa. Akizaa, si kila ndama atapona, na nusu ya wanaopona ni madume. Sasa fikiria ukame umepita na kuchukua sita katika kila ng'ombe kumi. Aliyeingia kwenye ukame na mia anatoka na arobaini, anaanza tena. Aliyeingia na kumi "wenye afya" anatoka na wanne, pengine wawili ni madume; huyo ameaga ufugaji, atakwenda kuwa mlinzi mjini. Wengi wa leo ni akiba ya mwaka mbaya, na mwaka mbaya lazima uje.

Kuna jambo la pili ambalo mpita njia halioni. Kundi unaloliona barabarani si la mtu mmoja. Ndani yake kuna ng'ombe wa mke mkubwa, wa mke mdogo, wa mtoto aliyepewa alipotahiriwa, wa rafiki aliye mbali ambaye mimi namkamulia, na dume la shemeji. Na wa kwangu wengine wako kwa watu, bonde jingine kabisa, ili ugonjwa ukiingia hapa usinimalize. Kuhesabu vichwa ukiwa ndani ya gari hakukuelezi nani tajiri.

Mbuzi na kondoo nao wana kazi yao. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, mara nyingi huzaa pacha, na ndio wanaomwinua mtu baada ya ukame. Ukitaka ada ya shule au dawa ya mtoto, unauza mbuzi. Ng'ombe hauzwi kwa shida ndogo.

Nani hasa mwenye mali?

Hapa wengi hukosea kwa kudhani mzee ndiye mwenye kila kitu. Mzee anasimamia. Kila mke anapoolewa hugawiwa ng'ombe wa nyumba yake, na wanawe watarithi kutoka nyumba hiyo. Mzee hawezi kuwachukua kiholela kuwapeleka nyumba nyingine. Akifanya hivyo kutakuwa na kikao.

Maziwa ni ya mama. Sikuwahi kumwona baba akigusa kibuyu cha mama pasipo ruhusa. Alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka, mama huchuchumaa ubavuni mwa ng'ombe na ndama akiruhusiwa kunyonya kidogo ili maziwa yashuke. Kisha anakamua chuchu mbili, ndama anaachiwa mbili. Kiangazi kikikaza anakamua moja tu, na ukame ukizidi hakamui kabisa, ndama anywe yote. Uamuzi huo anaufanya yeye, kila asubuhi, kwa kila ng'ombe, kwa kutazama mbavu za ndama. Kibuyu chenyewe anakisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mzeituni wa porini. Anakisugulia ndani, anakung'uta majivu, na maziwa yanakaa siku kadhaa pasipo kuharibika, yakiwa na harufu ya moshi ambayo mimi mpaka leo nikiisikia nakumbuka nyumbani.

Yeye ndiye anayeamua mtoto yupi anywe kiasi gani, mgeni apewe nini, na yapi yauzwe. Kwa hiyo nina wasiwasi mmoja na miradi ya kukusanya maziwa. Mama akiuza kikombe kikombe njiani, pesa inaingia kwenye fundo la kanga yake. Pikipiki ya kukusanya ikianza kupita na malipo yakawa ya mwisho wa mwezi, jina linaloandikwa daftarini mara nyingi ni la mume. Anayeleta mradi aandike jina la mama.

Ni kweli mnaishi kwa maziwa, nyama na damu?

Chakula cha kila siku katika boma nyingi leo ni ugali na uji, na maziwa yakiwepo. Nyama ni ya shughuli, ya mgonjwa, ya mzazi. Damu imepungua sana. Mahindi yananunuliwa kwa kuuza mifugo, na hapo ndipo uchumi wetu unapobanwa kuliko mahali pengine popote.

Tuseme mwezi wa Juni, mvua imenyesha vizuri, mbuzi mmoja ananunua gunia la mahindi. Mvua zikikatika, mambo mawili yanatokea pamoja. Mahindi yanapanda bei kwa sababu hata mkulima hajavuna. Mbuzi anashuka bei kwa sababu amekonda na kila mtu amemleta mnadani siku hiyo hiyo. Gunia lile lile sasa linataka mbuzi watatu. Familia inauza mara tatu zaidi kwa chakula kile kile, na kundi linayeyuka hata kabla ukame haujaua mnyama mmoja. Ndiyo maana nasema msaada wa maana ni ule unaokuja mapema, wakati mbuzi bado ana bei.

Mbona wanasema wafugaji hawauzi mifugo?

Wanaosema hivyo waende mnada wa Meserani, karibu na Arusha, au Bissil, Kajiado nchini Kenya, siku ya soko. Vumbi, fimbo, madalali, malori yaliyotegesha nyuma kwenye kipandio. Mnunuzi anamfunua ng'ombe mdomo aone meno, anamshika nundu, anazunguka nyuma. Anataja bei. Muuzaji anatazama pembeni kama hakusikia. Dalali anashika mkono wa mmoja, anashika na wa mwingine, anajaribu kuwaunganisha. Bei ikikubaliwa, ng'ombe anapigwa alama ya rangi na kibali cha kusafirisha kinaandikwa. Kutoka minada ya awali vijijini ng'ombe huenda minada ya upili, wengine hufika Pugu, Dar es Salaam, na nyama hiyo ndiyo inayochomwa Vingunguti na Manzese jioni. Zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania ni wa kienyeji. Supu unayokunywa asubuhi imetoka kwa mtu kama baba yangu.

Tunachochagua ni yupi wa kuuza. Maksai, yaani dume aliyehasiwa, na ng'ombe aliyezeeka wanauzwa. Mtamba hauzwi mpaka pawe pamebana kweli kweli, na ukiona mitamba mingi mnadani ujue huko vijijini hali ni mbaya.

Mtu akifiwa na ng'ombe wote, anafanyaje?

Anatembea kwa watu wake. Kwetu, ukimpa mtu ng'ombe, mnaacha kuitana majina, mnaitana *pakiteng*. Kama ni kondoo, *paker*. Jina hilo linabaki mpaka mmoja afe, na kila mnapoitana mnakumbushana. Mzee aliyegawa vizuri miaka ya mvua ana akina pakiteng mabonde manne matano, na ukame haupigi mabonde yote kwa nguvu moja. Waborana wana *busa gonofa*: ukoo unakaa, unathibitisha kwamba mtu kapoteza mali kwa ukame, ugonjwa au uvamizi na si kwa uzembe, halafu unamchangia mifugo ya kuanzia.

Mfumo huu una kikomo chake. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, iliingia kupitia Pembe ya Afrika ikashuka kusini, ikaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Umaasaini, na ndui ikafuata kwa watu. Wazee wanaita kipindi hicho *emutai*, kumalizika. Kila pakiteng alikuwa maskini kama wewe. Hapakuwa na wa kumwendea. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Chanjo yake iliboreshwa Muguga, Kenya, na waliozunguka kuchanja mpaka kundi la mwisho porini walikuwa pamoja na wafugaji wenyewe waliofunzwa kazi hiyo. Habari hii inanipa moyo kila nikiisimulia.

Malisho ya wote si huishia kuharibika kwa kuwa hayana mwenyewe?

Malisho yasiyo na kanuni huharibika. Malisho ya pamoja yenye kanuni ni jambo lingine kabisa, na Elinor Ostrom, profesa wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha hilo.

Kwetu kuna *alalili*, kipande karibu na boma kinachofungwa masika ili kiangazi ndama na wagonjwa wapate pa kula. Ukiingiza ng'ombe mkubwa humo, unatozwa. Wasukuma wana *ngitili*, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa inageuka jangwa, uliamua kujenga juu ya desturi hiyo. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni visima vya Waborana kusini mwa Ethiopia. Ni virefu kiasi kwamba watu hujipanga juu ya ngazi wakirushiana ndoo mkono kwa mkono, wakiimba ili mikono iende pamoja. Kila kisima kina *aba herrega*, baba wa zamu. Yeye anajua leo ni ng'ombe wa nani wanywe, wa nani wafuate, na kiangazi kundi moja linakunywa siku ya tatu. Hata tajiri anasubiri zamu yake. Idadi ya ng'ombe wanaoweza kulishwa na eneo lile inawekwa na zamu hiyo, bila askari wala uzio.

Kisheria pia inawezekana. Wilayani Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, wakaliita eneo OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao, na wafugaji wakapata hati za kimila za malisho hayo. Mpaka wa kijiji ulikuwa unakata njia ya ng'ombe katikati. Wao wakaamua ng'ombe hajui mpaka huo.

Ukame ndio adui mkubwa?

Ukame unaua. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo Pembe ya Afrika, na Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Niliona mizoga imepangwa kando ya njia, imeelekea upande wa kisima. Lakini ukame tumeujua tangu zamani, na dawa yake ilikuwa pa kukimbilia. Kinachomaliza ufugaji ni kukosa pa kukimbilia.

Tazama Hanang. Wabarabaig walikuwa wakizunguka malisho ya aina nyingi kwa mwaka, na mojawapo, *muhajega*, lilikuwa bonde la udongo mzuri kwenye nyanda za Basotu. Kuanzia miaka ya 1970 karibu ekari 100,000 za nyanda hizo zikawa mashamba ya ngano ya shirika la umma, kwa msaada wa Kanada. Kwenye ramani ilionekana sehemu ndogo ya wilaya. Ila ndiyo iliyobeba mzunguko wote. Ilipoondoka, ng'ombe wakarundikana kwenye malisho mabovu, yakachakaa, na baadaye wafugaji wakalaumiwa kwa kuchakaa huko. Walikwenda mahakamani miaka ya 1980, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani.

Kajiado njia ilikuwa nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai ranchi za kikundi, baadaye ranchi zikagawanywa mtu na kipande chake, vipande vikauzwa, uzio ukasimama. Mwenye ekari 60 zake za halali ana hati mkononi na ng'ombe wenye njaa, kwa sababu mwaka huu mvua imenyesha kwa jirani.

Wafugaji na wakulima ni maadui?

Damu imemwagika, siwezi kuficha. Kilosa, Desemba 2000, zaidi ya wakulima 30 waliuawa siku moja. Lakini kote nilikopita nimeona pia mkulima akimwita mfugaji baada ya kuvuna: ng'ombe wale mabua, waache samadi. Ugomvi huanza njia ya mifugo inapolimwa, au lambo linapozungukwa na mashamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kupanga haya yote mapema. Vijiji vingi havijapanga.

Kwa nini msifuge ng'ombe wa kisasa?

Kama una maji kila siku, josho na majani ya kukata, fuga. Ng'ombe wa kizungu ni mzuri kule Rungwe au Kilimanjaro. Wa kwetu anatembea kilomita nyingi, anavumilia kiu na kupe. Hata kondoo: yule mwekundu wa Kimaasai ana uwezo mkubwa wa kuhimili minyoo, na wengi wamemchanganya na Dorper, kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini, kwa sababu ya umbo na bei. Mchanganyiko si vibaya. Kinachonitia hofu ni kupoteza mbegu asili kabisa, maana hiyo haipatikani dukani. Wasamburu nao wameongeza ngamia, anayetoa maziwa hata ng'ombe wakikauka.

Bima ya mifugo inafanyaje kazi?

Ilianza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila aliyekata bima eneo hilo analipwa. Baadaye ikatengenezwa pia ya taratibu za Kiislamu, takaful, Wajir. Siku hizi lengo ni kulipa mapema ili mtu anunue majani na maji, ng'ombe asife. Tatizo linabaki kwa wale ambao setilaiti inaona kijani ambacho ng'ombe hali, kama vichaka vya mathenge, mti wa miiba ulioletwa kutoka nje.

Vijana waliosoma wataacha ufugaji?

Wengine wameacha. Lakini fuatilia pesa ya kijana Mmaasai anayelinda geti Dar es Salaam, anayesuka nywele Kariakoo au anayeuza kandambili za shanga Zanzibar. Mwisho wa mwezi anamtumia kaka yake kwa simu, na kaka ananunua mbuzi. Mbuzi wakizaa wanabadilishwa mtamba. Mimi mwenyewe ninao wanne kwa kaka yangu, na naulizia habari zao kabla ya kuulizia bei za kiwanja.

Nikija bomani kwenu, niulize nini?

Usiulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza mgeni ana shilingi ngapi benki, na wazee wengi wanaona kuhesabu kunaleta mkosi. Msalimie mama kwa *takwenya*, atakujibu *iko*. Watoto watakuja kuinamisha vichwa; waguse utosini. Kisha uliza kama mvua imefika, nyasi ziko upande gani, ndama wanaendeleaje. Utaletewa chai ya maziwa, na kama mwaka ni mzuri, maziwa ya kibuyu yenye harufu ya oloirien. Yanywe.